Kona ya Majengo: Nyumba ya masista ina nini hasa?

Habari zenu wasomaji. Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu nyumba ya masista ya mwaka 1876 pale misheni ya Bagamoyo, ile ambayo siku hizi ndo makumbusho, nikasema kwamba kwangu mimi ile ni moja ya nyumba za thamani kubwa kabisa kwenye pwani yetu. Basi meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, wengine wanauliza, wengine wanabisha, na wawili watatu wana nyumba za aina hiyo mikononi mwao sasa hivi na hawajui wafanye nini. Nimeamua toleo hili lote liwe la masista. Wale mlioniuliza ya mabati ya migongo mipana mnisubiri.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, tulienda Bagamoyo na shule. Kanisa kubwa tulilipenda, ila nyumba ya masista mimi niliona ni nyumba tu ya mawe ya kizamani, haina mapambo. Mwalimu akasema ni urithi ila muda ukaisha hakutueleza kwa nini. Ni urithi kwa sababu ni ya zamani tu au kuna kingine? — Mwanafunzi, Kibaha*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza maana wengi huwa wanaitikia tu "urithi, urithi" halafu wanaondoka.

Kwanza uzee. Lile kanisa kubwa ulilolipenda lilijengwa kati ya 1910 na 1914, kwa hiyo nyumba ya masista ilikuwa imeshasimama karibu miaka arobaini kabla kanisa halijazinduliwa. Masista wenyewe walikuwa wameshaingia upande huu wa bahari kabla hata ya nyumba yao. Ukitaka kuielewa ile nyumba lazima uanzie mbali kidogo, uanzie kisiwa cha Réunion huko Bahari ya Hindi, koloni la Wafaransa lililokuwa na mashamba ya miwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kule Desemba 1848. Mwaka uliofuata tu, 1849, likaanzishwa shirika la watawa wa kike la Mabinti wa Maria, na jambo lililowashangaza watu wakati ule ni kwamba lilipokea wanawake wa rangi zote pamoja, waliozaliwa huru na waliotoka kwenye utumwa juzijuzi, wote meza moja na kanisa moja. Hebu fikiria hiyo kitu kwenye kisiwa ambacho mwaka mmoja nyuma mmoja wao alikuwa anaweza kumuuza mwenzake.

Hao ndo waliokuja kwetu. Desemba 1860 Padri Fava alifika Unguja kutoka Réunion, na kwenye msafara wake kulikuwa na masista sita wa shirika hilo. Mwaka 1863 Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaichukua ile misheni chini ya Padri Horner, na 1868 wakavuka kuja Bagamoyo. Stanley alipopita Bagamoyo 1871 akielekea kumtafuta Livingstone aliandika kwamba misheni ina mapadri kumi na masista idadi hiyohiyo. Kwa hiyo usije ukadhani masista walikuwa wasaidizi wawili watatu wa kupika, walikuwa nusu ya kazi nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Watoto. Misheni ilikuwa inanunua watu utumwani ili kuwaachia huru na wengine wakaletwa baada ya kukamatwa kwenye majahazi, wengi wakiwa watoto, wavulana wakaenda kwa mapadri na mabruda, wasichana wakaja kwa masista. Msichana alifika hajui lugha ya aliyeko pembeni yake, kwao ni bara kabisa labda huko Unyamwezi au Nyasa, jina la kijiji chao halijui mtu. Alilelewa pale, akafundishwa kusoma, kushona, kulima, akikua anaolewa na kijana aliyelelewa upande wa mapadri na wanapewa nyumba kwenye kijiji cha Wakristo. Nakwambia ukweli mwanangu, hayo nayo si ya kusifia tu, maana ni watoto walitoka kwenye mkono wa mtu mmoja wakaingia kwenye mkono wa mwingine, walifanya kazi mashambani na kengele ya misheni ndo iliyowapangia siku yao, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kurudi makwao wala kama njia ya kurudi ilikuwepo. Yote mawili yamo mle ndani ya kuta na mimi ningependa mwalimu wako awaambie yote mawili.

Sasa angalia tarehe. Aprili 1872 kilipiga kimbunga kikubwa, Unguja kiliangusha minazi na mikarafuu na kuvunja meli, na Bagamoyo kikaharibu vibaya majengo ya misheni. Mwaka 1873 ikaanza kujengwa nyumba ya mapadri kwa mawe, na 1876 ikasimama ya masista. Ukiziweka hizo tarehe zikafuatana unaona kabisa watu waliopigwa na upepo mara moja na hawataki upepo uwapige tena. Na mwaka huohuo wa 1876 ndo Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa tangazo la kupiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, na Bagamoyo ndo ulikuwa mdomo wa njia hiyo ya bara, yaani marufuku na nyumba ya wasichana waliookolewa vimezaliwa mwaka mmoja, hatua chache kutoka njia yenyewe. Utumwa haukuisha siku hiyo, huku Tanganyika sheria ya kuufuta kabisa ilikuja 1922. Ila mimi kila nikisimama mbele ya ule mlango nawaza wale wasichana ambao ilibidi wafike pale kabla ya tangazo.

Kwa hiyo mapambo usiyatafute. Kanisa linajengwa ili lionekane, nyumba ya masista inajengwa ili iishi watu wasioonekana. Ukienda tena pita polepole kwenye baraza, weka mkono ukutani, upime unene wa ukuta kwa mkono wako pale dirishani, halafu kaa kivulini saa saba mchana uone joto linavyokuwa tofauti na nje. Wanafunzi wenzako wape kazi hiyo.

*Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi ya parokia moja huku mkoa wa Tanga, jina la parokia naomba usitaje. Tuna konventi ya zamani ya mawe na chokaa, masista wanaishi humo hadi leo. Lipu inabanduka chini kote mpaka usawa wa kiuno, kuna unga mweupe unatoka, na dari ya boriti sehemu moja imeinama. Kontrakta ametuletea bajeti: tubandue lipu yote tupige ya simenti, tupake rangi ya plastiki, boriti zote zitoke tumwage slabu ya zege. Wengi kwenye kamati wamekubali. Mimi roho inasita lakini sina hoja. Nisaidie kabla ya kikao cha tarehe 15. — Mama wa Kamati*

Milele amina mama. Roho yako inasita vizuri, iache isite. Hili nitalijibu kwa kirefu na ukitaka kata ukurasa huu uende nao kikaoni.

Huo ukuta wenu haujajengwa kama kuta za leo. Ndani ni mawe ya matumbawe, yamefungwa kwa udongo wa chokaa na mchanga. Jiwe la tumbawe lina vitundu kama sifongo, chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo ukuta mzima unakunywa maji na unayatoa. Msingi wa zamani hauna nailoni ya kuzuia unyevu, maji ya ardhini yanapanda ukutani kila masika kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, halafu kiangazi upepo unayakausha yanatokea usoni mwa ukuta. Ukuta unapumua, hilo si neno la mashairi, ndo kazi yake. Umepumua hivyo miaka mia na zaidi.

Sasa ukiuvisha simenti umeuziba pua. Maji yanaendelea kupanda kama kawaida maana ardhi haijui kwamba nyie mmepiga lipu mpya, yakifika kwenye simenti hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, leo kiunoni kesho begani. Na yanakuja na chumvi. Huo unga mweupe unaouona ni chumvi mama, ukiweka ulimini kidogo utaisikia. Maji yakikauka chumvi inaganda nyuma ya simenti, inavimba na kusukuma, na kwa sababu simenti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe haibanduki peke yake, inaondoka na uso wa jiwe. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kuna nyumba moja ya watawa, sitaitaja, nilikuwa fundi msaidizi bado kijana, tulipiga lipu ya simenti nyumba nzima na tukasifiwa sana, ikameremeta. Mwaka wa nne nikaitwa tena. Tulipobandua jiwe lilikuwa linamomonyoka kama sukari guru, vipande vya upana wa kiganja vinadondoka vyenyewe, na fundi tuliyekuwa tunamwona ana ujuzi wote wakati ule hakuwa na la kusema. Kazi ile inaniuma mpaka leo na ndo iliyonirudisha kwa wazee kujifunza chokaa upya.

Mfanye hivi. Kabla ya lipu yoyote tafuteni maji yanatoka wapi. Tazameni gata za bati, zimeziba au zimetoboka, maji ya paa yanamwagika mguuni mwa ukuta? Kuna karo la kufulia limebebana na ukuta? Bustani ya maua inamwagiliwa palepale chini? Bwana we, nusu ya kuta "zilizooza" nilizoitwa kutazama zilikuwa zinaumwa gata na karo tu. Chimbeni mfereji mdogo, geuzeni mteremko wa ardhi utoke nje, hamisheni maua hatua mbili. Subirini masika moja mwone.

Halafu lipu iliyobanduka itoeni palepale ilipobanduka, ile inayoshikilia iacheni. Paacheni pakauke, mpige brashi kavu kutoa chumvi, msioshe kwa maji mengi maana mtairudisha ndani. Pigeni lipu ya chokaa, sehemu moja chokaa na tatu mchanga wa mtoni uliopepetwa, usiwe mchanga wa baharini hata kama ni wa bure. Tabaka nyembamba, kama unene wa kidole kidogo, muache siku kadhaa ndo muongeze nyingine, na kila siku munyunyizie maji kidogo asubuhi na jioni, mfunike kwa magunia kama jua ni kali. Chokaa haikauki kama simenti, inashika polepole kwa kuvuta hewa na fundi mwenye haraka ataiharibu tu. Juu yake mpake chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mikono mitano au sita, ukuta uwe umeloa kidogo kila unapopaka. Rangi ya plastiki hapana kabisa, ni simenti ya kupaka kwa brashi.

Chokaa yenyewe zamani walichoma mawe ya bahari juu ya tanuri la magogo lililopangwa duara, likawaka usiku kucha, halafu wakaiacha ipigwe na umande na mvua kwa miezi ndo wakaitumia. Siku hizi hatuvunji matumbawe, samaki wanayahitaji kuliko sisi, ipo chokaa ya kwenye mifuko dukani. Ila iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, iache wiki kadhaa, ikilainika kama siagi utaona tofauti mwikoni.

Sasa boriti. Sehemu moja imeinama, kontrakta anataka zote zitoke. Kwa nini? Mtu akiumwa jino moja hang'olewi yote. Boriti za mikoko ni ngumu ajabu na mara nyingi kinachooza ni ncha tu, ile iliyoingia ukutani mahali maji yalipovuja kutoka juu. Mpandishe mtu mwenye bisibisi achokonoe moja moja pale zinapoingia ukutani, zilizo nzima bisibisi haiingii. Zilizooza weka alama kwa chaki, tegemezeni kwa nguzo, badilisheni hizo. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi, mpate kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu, na kama haipatikani mbao ngumu iliyotibiwa vizuri inafaa.

Slabu ya zege naiogopa kwa sababu mbili. Kuishikiza lazima mkate mfereji kuzunguka ukuta mzima, na ukuta wa matumbawe ukishaukata hivyo umeuvunja mgongo. Halafu zege ni gumu halipindi, ukuta wa chokaa unapinda kidogo kidogo na ardhi inavyokwenda, hivyo viwili vikikaa pamoja lazima kimoja kipasuke na si zege. Ongeza hewa ya bahari, nondo zinashika kutu, zinavimba, zege linapasuka, na hapo mtatafuta hela mara ya pili.

Kwenye kikao usiseme "fundi wa gazetini kakataa". Omba kitu kimoja tu: chumba kimoja kifanyiwe kwanza kwa chokaa, kile kibaya kuliko vyote, na gata zitengenezwe, halafu mkutane tena baada ya masika. Hakuna mjumbe atakayekataa kutumia hela kidogo kwanza.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, Mji wa Kale, Muislamu. Nasoma kona yako kila mara na nakuheshimu, lakini hili la masista sikuliafiki. Majumba yetu ya Kiswahili yanaanguka, milango inauzwa, wewe wasifu nyumba za wageni. Hizo si turathi zetu. — Msomaji, Mombasa*

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Uchungu wako nauelewa na milango inayouzwa inaniuma sawasawa na wewe. Ila niruhusu nikuulize, zile nyumba za masista unafikiri zimejengwa kwa vitu gani? Ni jiwe lilelile la bahari, chokaa ileile, boriti zilezile za mikoko ambazo delta ya Rufiji ilikuwa inazipeleka mpaka Uarabuni. Ndo maana vyumba vingi vya zamani huku pwani, viwe vya tajiri wa Lamu au vya mtawa, ni vyembamba na virefu: boriti moja inabeba mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ikizidi hapo inapinda, kwa hiyo mkoko ndo ulioamua upana wa chumba. Padri kutoka Ufaransa anaweza kuja na mchoro wake wa matao na baraza ndefu, lakini akifika hapa anakuta mti unamwambia mwisho wako ni hapa.

Na kuna jambo jingine nalipenda sana hata sijawahi kuliandika. Nyumba ya Lamu imepangwaje? Unaanzia daka, hapo mgeni anakaa nje. Ukipita tekani, kile kijia cha kuingilia, unaingia kiwandani, yaani uwanja wa ndani, halafu msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana, mpaka ndani, na kila hatua ni ya watu wachache zaidi, mwisho kabisa ndo mahali pa siri pa wenye nyumba, penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vyombo vya thamani. Mgeni hajui kilichoko nyuma na mlango haupangwi ukatazama moja kwa moja ndani. Sasa nenda konventi yoyote ya kizamani. Kuna chumba cha wageni karibu na mlango na mwisho wako ni hapo hata kama wewe ni kaka yake wa tumbo moja. Nyuma kuna uwanja wa ndani na baraza, kisha chumba cha kulia, kanisa dogo, na mwisho vyumba vya kulala ambavyo kwa sheria yao, klausura, mtu wa nje haingii. Mmoja anaita sitara, mwingine anaita klausura, lakini aliyechora nyumba zote mbili anawaza kitu kimoja, heshima ya mwanamke haikai nje, inakaa nyuma ya mlango wa tatu.

Sisemi mmoja amemuiga mwenzake. Nasema fundi wa pwani akiingia kwenye ile nyumba hapotei njia. Na hao walioishi mle hawakuwa wageni ndugu yangu, wengi wao walikuwa ni wasichana wa Kinyamwezi, Kizaramo, Kiyao, ambao hawana kaburi lenye jina, hawana picha, hawana nyumba nyingine popote tunayoweza kuioneshea kidole tukasema aliishi hapa. Kama nyumba ya tajiri aliyekuwa na watumwa ni turathi yetu, na mimi nasema ni turathi tena tuipiganie, basi na nyumba waliyolelewa watoto wa watumwa ni turathi yetu pia. Tuzipiganie zote mbili, chokaa ya kuzitengeneza ni moja.

*Mambo fundi. Swali fupi: nyumba ya masista ya zamani inalindwa na sheria moja kwa moja au mwenye nyumba anaweza kuivunja tu? — Msomaji, Dar*

Poa kaka. Kwa Tanzania Bara sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979, na ina tarehe moja ambayo watu hawaijui: 1863. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linahesabika mnara wa kumbukumbu moja kwa moja, yaani linalindwa na sheria. La baada ya hapo, mpaka waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sasa piga hesabu mwenyewe, Mapadri wa Roho Mtakatifu wamefika Unguja 1863, wakati mwingine nahisi kama vile tarehe ilichorwa makusudi mlangoni mwao. Nyumba ya masista ya Bagamoyo imekosa kwa miaka 13. Na konventi karibu zote za bara, za Wabenediktini huko kusini, za magharibi, zote zimejengwa baada ya hapo, kwa hiyo zisipotangazwa zinabaki mikononi mwa wenyewe. Bagamoyo yenyewe ina bahati ya kujulikana, maana njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ile ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, tangu 2006. Konventi ya kijijini haina mtu wa kuisemea.

Mimi ningependa ile tarehe isogezwe. Mwaka 1863 ulikuwa mbali sheria ilipotungwa, ilikuwa miaka mia moja na moja nyuma. Sasa sisi tumesonga na tarehe imebaki palepale. Wakati mnasubiri, mnaweza kuandika kwa Idara ya Mambo ya Kale kuomba jengo likaguliwe na kutangazwa, barua ya kawaida tu, picha, mwaka wa kujengwa, historia ukurasa mmoja. Zanzibar wana sheria na mamlaka zao, Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na Kenya wanaenda na sheria yao ya 2006 ya makumbusho na urithi.

*Salamu fundi. Mimi ni mtawa, tunaishi kumi na mmoja kwenye nyumba ya zamani sana. Tunasoma watu wakiisifia, wageni wanakuja kupiga picha, lakini sisi ndo tunaoamka usiku kwenda choo cha nje mvua ikinyesha. Tunaruhusiwa kuweka vyoo vya ndani, umeme mpya na intaneti? Au urithi maana yake tukae kama 1900? — Sista, Kanda ya Kati*

Sista, swali lako limenigusa kuliko yote, na naomba radhi kwa niaba yetu sote tunaokuja na kamera.

Wekeni vyoo. Nyumba ilijengwa ili mkae mfanye kazi, na nyumba ya mawe ikikosa watu miaka mitano inakufa, mchwa na popo wanaijua kabla yetu. Mnavyoviweka tu ndo muhimu. Bomba za maji msizipitishe ndani ya ukuta wa zamani hata kidogo, siku likivuja hamtajua mpaka ukuta ulowe. Ningeweka vyoo na mabafu kwenye kibanda kipya kilichoshikana na baraza ya nyuma, chenye ukuta wake na msingi wake, mnatembea mkavu kichwani na nyumba ya zamani haijaguswa, na siku mjukuu wa fundi akitaka kukitoa atakitoa bila kuacha kidonda. Nyaya za umeme na za intaneti zipite juu ya ukuta kwenye paipu, msikubali fundi umeme achimbe mifereji, wao wanapenda sana kuchimba. Nyaya za zamani zilizofunikwa kitambaa mzibadilishe mwezi huu huu kama zipo, nyumba ya boriti ikishika moto haisubiri zimamoto.

Na kitu kimoja nawaomba, kaeni na masista wazee mlio nao, jioni tu baada ya chakula, mwandike kila chumba kilikuwa kinatumika kwa nini walipofika wao na walivyoambiwa na waliowakuta. Hiki kilikuwa cha wagonjwa, hapa walikaa wanovisi, yaani watawa wanaoanza, dirisha hili lilizibwa mwaka wa njaa. Andikeni kwenye daftari la kawaida, mchore na ramani ya mkono. Hilo halihitaji fundi wala kibali, na Sista mkubwa kuliko wote ningeanza naye kesho.